Uzi wa waliocheza wahedi wa sitini vilabuni

Mzungu wa Nne

Wakuu, shikamooni mnaostahili, na wengine mambo vipi.

Uzi huu ni wa waliocheza wahedi wa sitini, wengine mnaita albastini, kwenye vilabu vya pombe za kienyeji na baa za zamani. Lasti kadi ina wenyewe, wafungue uzi wao. Karata tatu ya matapeli wa stendi siihesabu kabisa, ule ni wizi wa mchana.

Kwa ambao hawajawahi kuucheza: toa nane, tisa na kumi zote, zinabaki karata 40. Ree (A) ni 11, saba ni 10, kisha karata za picha: mzungu wa nne 4, mzungu wa tatu 3, mzungu wa pili 2. Kuanzia sita kushuka mpaka mbili ni magarasa matupu. Jumlisha rangi moja unapata 30, rangi zote nne 120. Mwenye kufika 61 kashinda, 60 kwa 60 ni sare. Wazee wa kwetu, wengine hawajui hata kuandika majina yao, walikuwa wanajumlisha kichwani huku kikombe kiko mkononi, na ukiwaibia pointi mbili wanakukamata hapohapo.

Mimi niliujua kwenye kilabu cha ulanzi, Iringa vijijini. Ulanzi ni wa masika, mianzi ikianza kutiririka, na karata nazo zilikolea masika hayohayo. Mvua ikianza mchana haikatiki, mtu huwezi kurudi shamba, unakaa. Tulicheza wanne, mnaotazamana ndio wenza. Wanaofungwa wananunua lita moja. Wakifungwa bila kufika 30 wananunua mbili na wanaachia benchi, maana nyuma yao kuna watu wamesimama wanasubiri zamu na kila mmoja ni kocha.

Kwenu mlichezaje? Nani alikufundisha? Na mnadhani kwa nini siku hizi huukuti baa? Nina jibu langu ila natangulia kuwasikiliza.

Binti Kilabu

Kaka umenigusa. Mama yangu alikuwa muuza ulanzi, huo mchezo nimekua nao miguuni.

Kuna kitu wanaume mnakisahau mkisimulia. Karata zilikuwa za mama, wateja walizikuta tu. Miaka ile ya themanini hata sabuni ilikuwa ya kupanga foleni, seti ya karata ungeitoa wapi? Yeye alizipata kwa ndugu aliyetoka Dar, akazifunga kwenye kitambaa pamoja na hela ya mauzo. Mtu mwenye deni hakuzigusa zile karata. Mzee anaweza kuwa na heshima zote za kijiji, lakini kama hajalipa lita za wiki iliyopita atakaa pembeni kutazama. Madeni yalilipwa haraka kuliko kwa balozi!

Zilikuwa zinanata kwa sababu ya ulanzi, basi mama anazipaka poda ya mtoto na kuzifuta moja moja usiku. Mzungu wa pili wa pau alipotea. Tukamkatia mwingine kwenye pakiti ya Sportsman, tukamwandika kwa kalamu. Sasa shida ikawa moja: mgongo wake ni wa sigara, kila mtu anaona nani anaye. Watu wakaanza kuvizia pointi mbili za mwenzao. Mama akatoa sheria, atakayepewa Sportsman aifiche chini ya paja mpaka atakapoitaka. Halafu ukawa utani, mtu hana Sportsman lakini anakalia garasa ili wenzake wadhani anayo.

Dume la Kopa

Hahaha kukalia garasa. Hii naiba.

Kahawa Chungu

Assalaam alaykum. Ndugu zangu wa bara, mnausimulia mchezo wetu vizuri lakini mmeutia pombe ambayo haukuzaliwa nayo. Mie Unguja, wahedi wa sitini nimeukuta barazani, kahawa na kashata, baada ya alasiri mpaka adhana ya magharibi. Anayefungwa ananunua kahawa ya watu wote. Hakuna lita.

Na mnavyoeleza kama vile watu wamekaa kimya wanahesabu. Kimya gani? Porojo ndiyo nusu ya mchezo. Mtu ana magarasa matatu mkononi, anavuta pumzi, anainua mkono juu kama anayepiga ree ya turufu, anabamiza karata mezani mpaka vikombe vinaruka, kumbe mbili ya uru. Mwenziwe wa kushoto keshaogopa, keshatoa saba yake bure.

Halafu kuna ishara. Kwetu kumkonyeza mwenzio ni halali ilimradi usikamatwe. Ukikamatwa mnapoteza duru nzima. Kulikuwa na mabwana wawili, marehemu wote Mungu awarehemu, walikuwa wakicheza pamoja hakuna aliyewahi kujua ishara zao, na wenyewe walikula yamini kwamba hawana. Sikuwaamini hata siku moja.

Mzungu wa Nne

Sheikh Kahawa Chungu, wa alaykum salaam. Nakubali kwamba pwani ndiko ulikotokea. Ila kubali na wewe kwamba karata ikibamizwa ubaoni na mtu mwenye mkangafu, yaani ulanzi uliochacha ukawa mkali, kichwani inatoa sauti nyingine kabisa.

Kahawa Chungu

Hilo siwezi kulijua, na sitaki kulijua.

Wa Githurai

Mimi ni Mkenya, mniruhusu niingilie. Huku kwetu kwa baa mchezo ni kadi. Unaweka karata ya rangi moja au namba moja na iliyo juu. Mbili inalisha mwenzako karata mbili, tatu inamlisha tatu, joka ni tano. J inaruka mtu, K inarudisha mchezo nyuma. Nane na Q ni swali, lazima lijibiwe. Ukikaribia kumaliza sharti useme "niko kadi," usiposema hata kama ungemaliza haihesabiki. Nimeona mtu mzima mwenye suti akisahau kusema niko kadi na karibu alie.

Sasa nikisoma huo mchezo wenu naona kwa nini umepotea baa. Yetu haihitaji uhesabu. Mtu akifika amechelewa, duru inayofuata anaingia. Mkiwa wawili sawa, mkiwa sita sawa. Mmoja akienda msalani mnamruka tu. Yenu mnahitaji watu wanne walio timamu mpaka mwisho, kwa baa hao unawatoa wapi?

Dume la Kopa

Mkenya kamaliza uzi.

Ng'ambo ya Ruvuma

Hajamaliza. Nami nina yangu.

Nimekaa Mtwara na nimefanya kazi miaka kadhaa upande wa Msumbiji. Kule kwenye baa wanacheza kitu wanaita Sueca, na Ureno kwenyewe ndio mchezo wa wazee kwenye vibaa vyao. Mara ya kwanza niliposimama nyuma ya meza yao sikuelewa neno hata moja, lakini ndani ya duru mbili nilikuwa naucheza. Karata 40, nane, tisa na kumi zimetolewa. Ree 11. Saba 10. Mfalme 4, kijana 3, mwanamke 2. Wanne, wawili wawili wanaotazamana, kila mtu karata kumi. Mshindi anafika 61. Na sikilizeni hii: ukishinda kwa 91 au zaidi unahesabiwa umeshinda mara mbili. Yaani aliyefungwa bila kufika 30 anakula adhabu mbili. Si ndizo lita mbili za mleta uzi huyo?

Kahawa Chungu akidai mchezo ni wa pwani ana haki yake, lakini pwani ilipewa. Kopa, uru, shupaza, pau, turufu, yataje mbele ya Mreno uone atakavyogeuza shingo. Walikuwa huku toka 1498, Ngome ya Yesu Mombasa wakaanza kuijenga 1593, na Waomani wakawatoa pale 1698. Miaka mia mbili askari na mabaharia wanakaa bandarini wakingoja upepo wa kusi. Watafanya nini kama si karata?

Kahawa Chungu

Na sisi tukawafunga kwa karata zao wenyewe, kisha tukawatoa.

Fundi Saxony

Uzi umenifikia nikiwa Ujerumani, karibu na Leipzig, na imebidi nijisajili ili niandike. Samahani itakuwa ndefu.

Huku kuna mchezo unaitwa Skat. Ulitengenezwa mji wa Altenburg, si mbali na ninapokaa, kati ya 1810 na 1817. Baa nyingi za mtaani zina meza ya wateja wa kudumu ambayo mgeni hakai bila kukaribishwa, na hapo ndipo unapochezwa. Wenzangu wa kazini walinikaribisha kwa sababu mmoja wao alikuwa mgonjwa na Skat ni ya watu watatu kamili. Wakaanza kunifundisha polepole kama mtoto: ree ni 11, kumi ni 10, mfalme 4, malkia 3, kijana 2, jumla 120. Nikawaambia, "Basi anayetafuta ushindi anahitaji 61." Wakatazamana. Mzee mmoja akauliza nimewahi kuishi wapi Ujerumani kabla ya hapa. Nikamjibu Tanga.

Tofauti zipo. Karata ni 32, za kuanzia saba kwenda juu. Kila mtu anapata kumi, mbili zinabaki katikati. Mnapandishiana dau, mmoja anasimama peke yake dhidi ya wawili. Yule mmoja lazima afike 61, wawili wakipata 60 wameshinda wao. Vijana wote wanne ni turufu wakati karibu wote, jambo ambalo lilinitesa, maana kwetu kijana ni kijana wa rangi yake. Na upande ukishindwa kuvuka 30 kuna jina na adhabu, kama huko Iringa na Msumbiji.

Kwa suala la pombe: wana aina ya mashindano ya baa yanaitwa Bierlachs. Pointi zinaandikwa mpaka mmoja azame kwenye hesabu waliyokubaliana, na huyo ndiye analipa bia za meza nzima. Sheikh utanisamehe, inaonekana mchezo huu ukikanyaga kwenye baa unajua pa kukaa.

Wao wameutunza kwa namna ambayo sisi hatujawahi. Altenburg kuna mahakama ya Skat. Sitanii. Mkigombana kuhusu sheria baani mnaandika barua, inakuja hukumu. Na mjini hapo kuna chemchemi ya Skat ya mwaka 1903, sanamu za vijana wanne wa karata wakipigana, watu wanakwenda kuzilowesha karata mpya kwenye maji yake ili ziwe na bahati. Mimi nimezilowesha zangu. Nikafungwa jioni hiyohiyo na nililipa bia.

Mhesabu

Samahanini, mimi ni mtu wa mashaka. 61 ni nusu ya 120 jumlisha moja. Mchezo wowote wenye pointi 120 utakuwa na 61. Hapo undugu uko wapi?

Fundi Saxony

Swali zuri, mkuu. Ushahidi mzito haupo kwenye 61. Uko kwenye 11, 10, 4, 3, 2. Hakuna mtu anayeamka asubuhi akiwa peke yake akaamua kwamba ree iwe 11 na mfalme awe 4. Waitalia nao wana Briscola, hesabu ni hiyohiyo, ila kwao tatu ndiyo yenye 10. Kwa Wareno ni saba, kwa Wajerumani ni kumi. Ukoo mmoja, kila nyumba ikachagua karata yake ya pili.

Na unaweza kujua sisi tumetoka nyumba gani. Huku kwa Wajerumani malkia ni 3 na kijana ni 2. Kwa Wareno kijana yuko juu ya malkia. Mzungu wa tatu wa kwenu ni nani?

Mzungu wa Nne

Kijana. Na wa pili ni bibi. Saba ndiyo kumi.

Fundi Saxony

Basi.

Mhesabu

Nimekubali. Hii nimeielewa.

Msimbe wa Mjini

Nyie mnaongelea Ureno na Ujerumani, mimi huu mchezo ulinipandisha karandinga. 1983, Nguvu Kazi, ile operesheni ya kukamata wasio na kazi mjini. Tulikuwa wanne chini ya mwembe jirani na baa, saa nne asubuhi, wameshuka wakauliza kitambulisho cha kazi. Mwenzangu mmoja alikuwa zamu ya usiku kiwandani, mtu wa kazi kabisa, ila karata mkononi saa nne asubuhi zilimtangulia kujieleza. Tulilala ndani. Yeye mwajiri wake akaja kumtoa, mimi nikaambiwa niende kijijini kulima. Nilikaa kijijini wiki chache nikarudi mjini. Baada ya hapo baa ya pale waliogopa kuweka karata mezani mchana.

Sisemi ndiyo iliyoua mchezo nchi nzima. Lakini mtaa wetu uliuchezea ndani tangu siku ile, na mchezo wa ndani vijana hawauoni wakajifunza.

Mzungu wa Nne

Pole mzee wangu. Hilo sikulifikiria.

Basi nitoe jibu langu nililoahidi. Naona Mkenya ana nusu ya ukweli: wanne ni wengi. Nusu nyingine ni meza yenyewe. Meza ya pool ilipoingia baa ililipa kwa sarafu, kila mchezo mmiliki anaingiza hela. Mashine za bonanza vivyo hivyo. Runinga ya mpira inaleta watu mia. Wanne wa karata wanakalia meza kwa muda wa saa nne na hawalipii ile meza chochote. Mwenye baa akiangalia eneo lake anaona wanamzibia.

Binti Kilabu

Kaka hapo nakupinga. Wanne wa karata hawakai wanne. Wewe mwenyewe umesema nyuma yao wamesimama makocha. Mama alikuwa anaweza kuuza pipa zima la ulanzi kwa meza moja, maana walio kwenye benchi wananunuliwa na waliosimama wananunua ili wasiambiwe wanatazama bure. Ikifika usiku, timu iliyofungwa haitaki kwenda nyumbani imefungwa.

Tofauti ni kinywaji. Ulanzi ni rahisi na haupoi, mtu anakunywa kikombe saa nzima wala hapungukiwi kitu. Bia ya chupa inapata moto ukiwa unawaza kama ree ya turufu imetoka au bado. Mtu anayehesabu karata anakunywa taratibu. Muuza bia hampendi mtu anayehesabu.

Dume la Kopa

"Muuza bia hampendi mtu anayehesabu." Bili za baa zote nimezielewa leo.

Wa Githurai

Swali kwa wazee. Leo tuko watatu hapa na nimewashawishi wajaribu huo mchezo wenu. Watatu inawezekana?

Mzungu wa Nne

Inawezekana. Toa mbili moja, yoyote, zibaki 39. Gawa tatu tatu, nyingine funua uiweke chini ya fungu ionekane, hiyo ndiyo rangi ya turufu. Kila mkishusha, aliyekula analamba wa kwanza, wengine wanafuata. Hakuna wenza, kila mtu na lake. Hapo sasa 61 ni ngumu, mwenye nyingi ndiye kashinda. Fungu likiisha mnamalizia zilizo mkononi, na hapo ndipo utajua nani alikuwa anakumbuka na nani alikuwa anakunywa.

Na ukiwa na mbili ya turufu mkononi unaruhusiwa kuibadilisha na ile iliyofunuliwa. Kwa hiyo usitoe mbili ya rangi ya turufu, au funua kwanza ndiyo utoe.

Kahawa Chungu

Hapana! Mbili haibadilishi kitu. Inayobadilisha ni saba, na ni kama iliyofunuliwa ni kubwa kuliko saba, yaani ree peke yake. Mbili kubadilisha ree ni dhuluma.

Mzungu wa Nne

Sheikh, garasa linalopata bahati mara moja ndiyo raha yenyewe.

Ng'ambo ya Ruvuma

Nimeona wanaobadilisha kwa mbili na nimeona wanaobadilisha kwa saba, baa moja, meza mbili tofauti. Muhimu mseme kabla ya kugawa.

Fundi Saxony

Andikeni barua Altenburg.

Wa Githurai

Tumecheza. Mmoja wetu amepata 74 na ametuambia ni mchezo wa babu yake, kumbe alikuwa anaujua muda wote. Tumelipa. Lakini ile ya mbili imetugombanisha, nataka hukumu.

Binti Kilabu

Nimempigia mama. Ana miaka mingi lakini hii hakuhitaji kufikiria. Anasema mbili inabadilisha, ila mpaka uwe umeshakula angalau mara moja, na ukisahau ukalamba karata ya mwisho kabla hujabadilisha, imekula kwako. Saba kubadilisha ree, hilo hajawahi kuliona.

Halafu akauliza ninaongea na akina nani. Nikamwambia kuna mmoja alikuwa anacheza vilabu vya Iringa. Amesema huyo aulizwe jina la baba yake, kuna lita ambazo hazijalipwa.